Viti vya Chumba cha Nyuma

Jina alilopewa na wazazi wake walilijua wachache, na wengi wa hao wachache walikwishatangulia mbele ya haki. Mtaa mzima ulimwita Mwenyeviti. Haikuwa Mwenyekiti, maana kiti kimoja si mali ya kumpa mtu jina. Yeye alikuwa navyo stoo nzima: vya plastiki, vya chuma, vya kukunja, pamoja na maturubai na masufuria ambayo mtoto angeogea ndani na maji yakabaki. Kila mara wakubwa wa mtaa walipoanza kugombania uenyekiti, wenye utani walisema, "Mnatoana macho ya nini? Mwenyewe yupo, tena anavyo vingi."

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa na wakubwa wala asitishike. Alisoma hadi darasa la saba, akaolewa na seremala. Mume alikufa mapema, akamwachia binti mmoja wa kubeba mgongoni na mabenchi ambayo walioyaagiza hawakurudi kuyachukua. Mabenchi hayo ndiyo aliyoanza kuazimisha watu kwenye shughuli zao, kisha akakodisha, na kutoka kwenye mabenchi vikazaliwa viti. Hakuna aliyemshika mkono. Wifi yake tu, dada wa marehemu, ndiye aliyekuja kukaa naye, na kila asubuhi wanawake hawa wawili waliinama uani kusugua matope ya harusi za watu huku wakitupiana maneno.

"Wifi, hiki umekiosha au umekitishia maji?"

"Macho yako ndiyo ya kuoshwa."

Binti alipokuwa shule, yeye mwenyewe alijiandikisha chuo cha biashara, kozi ya jioni ya wafanyabiashara wadogo. Alikaa na vijana wa umri wa kumwita mama, naye akakaa mbele kabisa. Mwalimu wao alikuwa kijana mwenye suruali iliyonyooshwa pasi hadi mstari wake ungekata mkate, na alipenda sana kusema kwamba mali iliyolala ni mali iliyokufa.

Mwenyeviti alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nina viti nimevilaza kwa makusudi. Navyo ni maiti?"

Darasa likaangua kicheko. Akawaeleza bila haya. Nyuma ya stoo yake kulikuwa na chumba kidogo, na humo viliwekwa viti na turubai moja kubwa ambavyo havikodishwi kwa mtu yeyote, hata harusi iwe ya nani. Harusi ina tarehe, alisema. Watu hukaa vikao, wakagombana, wakapatana, wakaja kuweka oda. Kifo hakiweki oda. Kwa hiyo mtu akifiwa mtaani kwao, viti vya chumba cha nyuma vinapakiwa kwenye mkokoteni bila kuombwa, bila malipo, na mwenyewe anavisindikiza kwa miguu hadi mlangoni pa mfiwa.

"Hiyo si biashara, mama," mwalimu alisema kwa upole. "Hiyo ni sadaka."

"Sadaka watu hutoa kinachobaki. Mimi hivi navitenga kwanza, kinachobaki ndicho nakodisha."

Mwalimu akacheka, akaandika kitu ubaoni kuokoa heshima yake. Mwenyeviti alimaliza kozi, akapewa cheti, akakitundika sebuleni juu kiasi kwamba mgeni alilazimika kuinua shingo ili akisome, na akishainua shingo hakuwa na budi kuuliza.

Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, alikaa shoga yake, fundi cherehani, pamoja na mumewe, fundi saa. Mwanamke alikuwa mtulivu, wa maneno ya kupimwa kama kitambaa. Maneno yote ya nyumba ile aliyachukua mume. Fundi saa alikuwa na kimeza chake barazani, miwani ya kukuza jicho moja, na hakuna aliyepita bila kutupiwa neno. Mwenyeviti akipita na mkokoteni angeitwa, "Mwenyeviti! Leo umemwalika nani asiye na mahali pa kukalia?" Naye angejibu, "Wewe rekebisha saa zako, kila moja inasema lake kama wajumbe." Mashoga wale wawili walizaa pamoja, wakazika pamoja, wakazeeka pamoja. Mlango wa mmoja ulikuwa mlango wa mwingine.

Miaka ikaenda. Binti naye akasoma chuo kile kile, yeye mchana na kwa miaka mingi, akarudi kuongoza kazi ya mama yake kwa simu na kompyuta. Yule mwalimu wa suruali ya mstari akaota mvi, akawa mkuu wa chuo. Ndipo chuo kikaanzisha siku ya kuwaenzi wahitimu wake: waliofanikiwa katika biashara, wakaongoza wenzao vizuri na kuitumikia jamii. Mwaka wa kwanza walienziwa mwenye malori na mwenye viwanda. Mwaka uliofuata ikaja simu kwa Mwenyeviti.

"Mkuu wa chuo anasema hajasahau jibu lako la darasani," binti alimwambia, macho yamejaa machozi. "Mama, wanakupa tuzo ya uongozi na utumishi kwa jamii."

"Kwani wameishiwa watu?" alisema Mwenyeviti, akageukia sufuria lake.

Lakini kabla jua halijazama, muuza mboga alikuwa anajua, msaga nafaka anajua, na fundi viatu alikuwa ameshaelezwa mara mbili. Wifi akamwuliza, "Na kuku umewaambia, au wao watapata kadi?"

Furaha ile haikuwa ya uongo, na wala hakustahili kuionea haya. Mwanamke aliyesugua viti hadi vidole vikapinda ana haki ya kuitwa jukwaani. Tatizo liliingia kwa mlango mdogo sana. Binti alitaja, katika kupanga mambo ya siku ile, kwamba viti vya sherehe vitaletwa na yule mkodishaji wa sokoni, ndiye aliyezoea kukihudumia chuo.

Mwenyeviti aliweka kikombe chini. "Nani?"

"Yule wa sokoni, mama."

"Yaani mimi, siku yangu, nikalie kiti cha mpinzani wangu? Nipigiwe makofi nimekalia plastiki ya yule mtu? Nasema hapana. Mwambie mkuu wa chuo viti natoa mimi, vyote, na turubai juu."

Mkuu wa chuo alipoambiwa alifurahi mno. Alisema wageni watakuwa wamekalia ushahidi wenyewe. Maneno hayo Mwenyeviti aliyarudia mtaani hadi yakachakaa.

Wakati huohuo fundi saa alikuwa kitandani. Kifua kilikuwa kimemkamata tangu majira ya baridi na hakikumwachia. Mwenyeviti alikwenda kila siku kumjulia hali, na siku moja kabla ya sherehe alimkuta amepungua hadi mto ulionekana mkubwa kuliko yeye. Pumzi zilikuwa zinapiga mluzi. Hata hivyo alifumbua jicho moja, lile la kazi.

"Mbona unanitazama hivyo? Unanipimia turubai?"

"Ishia hapo, mzee wa balaa," Mwenyeviti alisema, akamfunika miguu.

Shoga yake alimsindikiza mpaka mlangoni. Alimshika tu kiwiko, akakibana, akakiachia. Watu walioishi pamoja muda mrefu hivyo hawahitaji daktari kuwatafsiria.

Jioni ile binti alikuja stoo, kalamu sikioni. "Mama, wageni wameongezeka. Mkuu ameongeza wazazi wa wanafunzi. Ile harusi kubwa tumeshaipelekea vyake, siwezi kuwanyang'anya. Havitoshi." Akasita. "Nimebakiwa na vya chumba cha nyuma tu."

Mwenyeviti alikuwa anakunja turubai. Aliendelea kukunja. Alifikiria mto ule mkubwa. Kisha akafikiria wageni waheshimiwa wakisimama nyuma, na mpinzani wa sokoni akipata habari kwamba Mwenyeviti alishindwa kuwakalisha watu siku yake mwenyewe. Fundi saa amekuwa hivyo hivyo tangu mwezi uliopita, alijiambia. Mgonjwa wa kifua huvuta siku.

"Toa," alisema.

"Vyote?"

"Toa, nimesema. Ni siku moja."

Wifi alikuwa mlangoni na ndoo. "Wifi, chumba hicho hakijafunguliwa kwa sherehe tangu kijengwe. Harusi ya huyu huyu binti yako watu walisimama, na hukukifungua."

"Kesho jioni vitakuwa vimesharudi."

"Mgema akisifiwa..."

"Malizia basi."

"Simalizii. Unaijua."

Viti vikapakiwa, na turubai lile kubwa juu yake.

Fundi saa alikufa alfajiri.

Wifi aliingia chumbani bila kubisha. Mwenyeviti alikuwa mbele ya kioo, gauni jipya limefungwa nusu mgongoni, gauni ambalo shoga yake ndiye aliyelishona, kati ya kumnywesha mumewe dawa na kumgeuza ubavu.

"Ametutoka," wifi alisema.

Mwenyeviti alikaa kitandani. Kutoka ng'ambo ya barabara zilisikika sauti, za chini kwanza, kisha moja ikapanda.

"Shoga yangu yukoje?"

"Amekaa. Anakuulizia."

"Anauliza viti."

"Sikusema viti. Nimesema anakuulizia wewe. Vaa kanga, twende."

Mwenyeviti alisimama, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akarudi. Mtu asiyemjua angedhani hakuumia. Lakini katika maisha yake yote ya ujane hakuwahi kuingia nyumba ya msiba bila mkokoteni mbele yake. Alivyojua yeye kulia na waliao ilikuwa ni kuelekeza: turubai fungeni huku, wazee wakae kivulini, huyo mpeni kiti chenye mgongo. Mikono mitupu hakujua aiweke wapi.

"Niingie na nini?" alisema. "Watu watanitazama. Wataniuliza viti viko wapi, niwaambie nini? Viko chuoni vimefungwa utepe?"

"Barabara ndiyo hii, wifi. Vuka tu. Mfiwa haegemei kiti, anaegemea mtu."

Binti aliingia ameshika simu, uso umempauka. Alikuwa amesikia. "Nimpigie yule wa sokoni? Anaweza kuleta vyake sasa hivi, mimi nitaongea naye."

"Viti vya yule viwe kwenye msiba wa fundi saa? Thubutu!" Mwenyeviti akafuta uso kwa kiganja. "Sikilizeni. Mazishi hayatakuwa leo, wana ndugu wa mbali wa kuwasubiri. Tunakwenda chuoni, nachukua hiyo tuzo yao, sikai kula. Tunapakia viti, tunavileta. Kabla ya adhuhuri niko kwa shoga yangu na kila kitu. Nifunge hii zipu."

Binti akaifunga. Wifi alichukua kanga yake, akavuka barabara peke yake.

Uwanja wa chuo ulipendeza, hilo lisemwe. Viti vilivishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe wa rangi ya dhahabu mgongoni, fundo kubwa kama kipepeo, na vilipangwa mstari kwa mstari chini ya maturubai. Mwenyeviti alivitambua hata vikiwa vimevaa. Vya chumba cha nyuma vilikuwa safu za mbele, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa vipya zaidi. Havikuwa vimepigwa na jua la harusi. Yeye mwenyewe alikalishwa kwenye kimojawapo, kati ya mama mmoja wa benki na bwana mwenye mashamba ya kuku, wote wahitimu wa kuenziwa.

Mgeni rasmi alichelewa, kama kawaida ya wageni rasmi. Bendi ikapiga, ikanyamaza, ikapiga tena. Mawingu yalikuwa yameshuka chini, mazito, na upepo ulianza kucheza na nyuzi za maturubai. Mwenyeviti alimwambia binti kwa macho: vipi? Binti akamjibu kwa mabega: bado.

Simu ililia mkobani. Ilikuwa ya wifi.

"Wanazika leo."

"Leo? Na hao ndugu?"

"Marehemu aliagiza asilazwe. Mkewe amesema neno la mume litafuatwa. Baada ya adhuhuri wanatoka. Wifi, watu ni wengi. Wazee wamejiegemeza ukutani. Mmoja amekalia tofali."

"Nakuja. Mwambie nakuja."

"Nimemwambia mara ya kwanza. Sasa naona haya kumwambia."

Angeweza kusimama palepale na kuondoka. Alilifikiria hilo, na miguu ikakaza. Lakini mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini, watu wote wamesimama kumpokea, na yeye alikuwa safu ya mbele na jina lake limeandikwa kwenye kitambaa kirefu juu ya jukwaa. Akajiambia ni la dakika tu. Mtu huweza kujiambia hivyo mara nyingi sana kwa siku moja.

Zikaja hotuba. Mwenye mashamba ya kuku alisifiwa kwa kisima alichochimbia shule. Mama wa benki alisifiwa kwa wasichana aliowasomesha. Kisha mkuu wa chuo akainuka mwenyewe, akavua miwani, akasimulia ule mjadala wa mali iliyolala. Alisimulia vizuri, watu walicheka mahali pa kucheka. Akamaliza kwa sauti ya kutetemeka kidogo: "Mabibi na mabwana, katika mtaa wa mama huyu, mfiwa hajawahi kukosa pa kukalia hata siku moja. Huu ndio uongozi tunaoufundisha hapa."

Makofi. Alipanda jukwaani. Wakamvisha nishani shingoni, wakampa bamba la kioo lenye maandishi, zito, wakamwelekeza kwenye kipaza sauti. Mshereheshaji akamnong'oneza, "Maneno mawili tu, mama."

Kutoka pale juu aliona kila kitu: vitambaa vyeupe, matumbo ya waheshimiwa, matone ya kwanza yakipiga turubai lake kubwa. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe.

"Leo mtaani kwangu kuna msiba," alisema. "Amekufa fundi saa, mume wa shoga yangu. Viti vyake ndivyo hivyo mlivyokalia nyinyi."

Kisha mtu wa nyuma akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Waliona mama ametoa fumbo zito la unyenyekevu. Mgeni rasmi alikuwa akitikisa kichwa kwa hisia. Mama wa benki alijifuta jicho, akamwambia jirani yake, "Hawa watu wa zamani wana hekima." Wakakaa tena, vilevile, kwenye viti vilevile, kwa sababu chakula kilikuwa kinakuja.

Aliyeelewa alikuwa mmoja tu. Binti alikuwa ameshavua viatu vyake vya kisigino na anakimbilia pikapu.

Lakini viti vyenye watu havipakiwi. Binti alizunguka safu za nyuma akiomba radhi, akipata kimoja hapa, viwili pale. Mvua ikashuka yote kwa mkupuo. Wageni wakakokota viti hadi kwenye veranda, vingine wakavigeuza meza za sahani zao. Mwenyeviti aliingia mwenyewe kwenye mvua, nishani ikimgonga kifuani, akaanza kukusanya. Wanafunzi walikuja kumzuia, "Bibi, pumzika, leo ni siku yako." Aliendelea kukusanya. Bamba la kioo alikuwa amelisahau jukwaani. Mtu alilileta mbio, akaliweka kiti cha mbele cha pikapu.

Walifika mtaani mvua imepungua na watu wamesharudi kutoka makaburini. Walikuwa wamesimama kwenye mabaraza ya majirani, nguo zimewaganda mwilini, matope hadi magotini. Pikapu ilisimama mbele ya nyumba ya fundi cherehani, na ndipo Mwenyeviti mwenyewe alipoona alichokileta. Katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kuvua vitambaa. Viti vilishuka kimoja baada ya kingine vimevaa nyeupe iliyolowa, na mafundo ya dhahabu yakining'inia mgongoni, kana kwamba harusi imepotea njia.

"Vueni! Vueni hayo mavazi!" aliwafokea wapakuzi, akaanza kuyang'oa kwa mikono yake, lakini nyuzi zilikuwa zimekaza kwa maji.

Viti vikapangwa. Vikabaki vitupu. Wazee waliokuwa wamesimama tangu asubuhi waliendelea kusimama.

"Kaeni basi, jamani," wifi alisema.

Mzee mmoja, fundi viatu, alisema bila ukali, "Tumeshazoea."

Mwenyeviti alipita katikati yao akaingia ndani. Shoga yake alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, wanawake wamemzunguka. Aliinua uso. Alimtazama kuanzia gauni alilolishona mwenyewe, akapandisha hadi nishani, akaiacha hapo kidogo, kisha akaonekana kama mtu aliyechoka kutazama.

"Hongera," alisema.

Neno hilo halikuwa na sumu, na ingekuwa afadhali kama lingekuwa nayo. Mwenyeviti alipiga magoti, akalia kwa sauti, lakini wenzake walikuwa wamelia tangu alfajiri, na kilio chake kikasikika peke yake, kimechelewa.

Hakuna aliyemnunia baada ya hapo. Mtaa ulimsalimu, ulimwita jina lilelile, hata utani haukukatika kabisa. Watu walikuwa wanampa pongezi na pole kwa mkupuo mmoja, hongera na pole, hongera na pole, mpaka maneno yale mawili yakamchosha sawasawa. Bamba la kioo binti aliliweka sebuleni. Viti vya chumba cha nyuma vilioshwa, vikarudishwa, na komeo likawekwa jipya. Kisha muuza mboga akafiwa na mama yake. Mwenyeviti alipofika na mkokoteni, alfajiri ile ile, alikuta turubai limeshafungwa na viti vya mkodishaji wa sokoni vimepangwa. Watu walikuwa wamechangishana.

"Tuliona tusikusumbue," muuza mboga alimwambia, na alimaanisha hivyo kabisa. "Siku hizi una mambo makubwa."

Alirudi na mkokoteni wake. Wifi, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, siku hiyo hakuwa nayo. Walipakua, wakatia komeo.

Ilimchukua muda mrefu kuvuka barabara peke yake. Kila siku alikuwa akipanga kwenda na kitu: unga, sabuni, mafuta ya taa. Kila akishika kitu alikiona kidogo, akakiweka chini. Mwishowe alikwenda siku moja mchana bila kitu chochote, kwa kuwa alikuwa amechoka kuchagua.

Fundi cherehani alikuwa barazani, kwenye mashine yake. Kile kimeza cha saa kilikuwa kimeondolewa, na sakafu ilikuwa na rangi tofauti pale kilipokaa.

"Hodi, shoga."

"Karibu."

Alisimama. Mguu wa fundi uliendelea kukanyaga, kitambaa kikaendelea kutembea.

"Nimekuja kuomba radhi ya viti," Mwenyeviti alisema. "Kilikuwa kiburi. Nilitaka wanione. Na siku ile nisingeweza kuja bila kitu, ningeanzaje kuingia? Nilikuwa navifuata nivilete..."

Mashine ikasimama.

"Viti?" alisema shoga yake. Alionekana kushangaa kweli. "Mimi sikuviona viti, si vilipokosekana wala vilipokuja. Nilikuwa nakutafuta wewe. Kila mlango ulipofunguliwa nikainua kichwa. Walipokuja kumchukua nikasema ngojeni kidogo, shoga yangu anavuka barabara. Wakangoja. Nikasema ngojeni tena." Aliunyoosha mshono kwa kucha. "Kisha nikaona nawaonea watu, mvua inawapiga. Nikasema nendeni."

Mambo yote aliyokuwa ameyabeba Mwenyeviti tangu siku ile, vitambaa vyeupe, utepe, wazee ukutani, mpinzani wa sokoni, yalikuwa mizigo ya bure. Hakuna hata mmoja uliokuwa ukiulizwa hapa. Angeweza kuja na kanga moja mabegani. Zilikuwa hatua za kuvuka barabara tu, na alikuwa nazo.

"Ungekuja mikono mitupu," shoga yake alisema, taratibu, si kwa kumshutumu bali kama anayefikiria jambo la watu wengine.

Kisha akainuka, akachukua kitambaa kirefu kilichokunjwa, akakitandaza mezani na kumpa Mwenyeviti ncha moja. "Nishikie hapa. Kinateleza."

Akashika. Mkasi ukapita katikati, polepole, na mikono ya Mwenyeviti ikafuata kitambaa kilipokwenda. Mara mbili alimtazama shoga yake usoni akitafuta kitu, na mara mbili alikuta macho yako kwenye mstari wa chaki. Walipofika mwisho, fundi cherehani alikikunja, akakiweka kando, akaketi tena kwenye mashine.

Tangu usichana wao hawakuwahi kuachana bila mmoja kusema, "Basi kesho." Hata walipogombana, hata walipozika watoto, neno hilo lilikuwepo, wakati mwingine kwa hasira. Mwenyeviti alishuka ngazi ya baraza, akasimama kwenye vumbi akilisubiri.

"Ahsante kwa kunishikia," fundi cherehani alisema. "Uende salama."

Na mashine ikaanza kulia tena.